Kinga ya Utotoni: Historia ya Chanjo ya Malaria kutoka Muheza hadi Kilifi

Tarehe 6 Oktoba 2021, Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza chanjo ya RTS,S itolewe kwa watoto wa Afrika wanaoishi katika maeneo yenye malaria ya kiwango cha kati na cha juu, habari hiyo ilipokewa kama ushindi wa maabara za Ulaya na Marekani, na kwa kiasi fulani ndivyo ilivyokuwa. Lakini sehemu kubwa ya historia ya chanjo hiyo ilitendeka katika mashamba, zahanati na vijiji vya Afrika Mashariki, hasa katika ukanda unaotoka bonde la Kilombero, ukapita Bagamoyo, Korogwe, Muheza na milima ya Amani, ukaishia Kilifi katika pwani ya Kenya. Katika ukanda huo swali moja liliulizwa kwa zaidi ya miaka 80, nalo ni hili: mtu anayeumwa na mbu tangu utotoni hujipatia kinga ya namna gani, na je, kinga hiyo yaweza kupatikana bila kulipiwa kwa maisha ya watoto?

Ili uzito wa swali hilo ueleweke, ni lazima kwanza ifahamike namna kimelea cha malaria kinavyoishi ndani ya mwili. Mbu jike wa jamii ya Anopheles anapomuuma mtu humtia vimelea vichache vilivyo katika umbo linaloitwa sporozoiti, yaani umbo jembamba linalokaa katika tezi za mate za mbu. Vimelea hivyo hukimbilia kwenye ini, hukaa humo kwa muda wa wiki moja hivi bila mtu kuhisi lolote, kila kimoja kikizaa maelfu ya vingine, kisha hutoka na kuvamia chembe nyekundu za damu, na hapo ndipo homa na kutetemeka huanza, pamoja na upungufu wa damu na, kwa watoto wadogo, degedege. Katika kila hatua kimelea hubadili protini zilizo juu ya ngozi yake, kwa hiyo kinga iliyojifunza kukitambua katika hatua moja huenda isikitambue katika hatua inayofuata. Aidha, Plasmodium falciparum, ambacho ndicho kinachoua zaidi barani Afrika, kina jeni zaidi ya 5,000, ilhali virusi vingi ambavyo chanjo zake zilifanikiwa mapema vina jeni chache zinazohesabika. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya chanjo ya surua kupatikana katika miaka ya 1960 na ya malaria kuchelewa kwa zaidi ya nusu karne.

Kwamba kinga ya malaria ipo, wakazi wa maeneo yenye mbu walijua kwa macho kabla ya kuandikwa na wataalamu, kwa kuwa waliona watoto wakizidiwa na homa ambayo watu wazima waliipita huku wakiendelea na kazi zao. Miongoni mwa wataalamu wa mwanzo kulithibitisha jambo hilo kwa hadubini alikuwa Robert Koch, Mjerumani aliyewahi kuchunguza homa mjini Dar es Salaam katika miaka ya 1897 na 1898. Mnamo 1899 na 1900 alipima damu ya wakazi wa Java na New Guinea, akakuta vimelea vimejaa katika damu ya watoto na kuadimika katika damu ya watu wazima wa vijiji vilevile. Hitimisho lake lilikuwa kwamba mwili hujifunza polepole kumzuia adui huyo, ingawa namna unavyojifunza hakuweza kuieleza.

Katika Tanganyika ya miaka ya 1930, aliyeushika uzi huo ni Donald Bagster Wilson, daktari Mwingereza aliyefanya utafiti wake Muheza, mkoani Tanga, katika kitengo cha malaria ambacho baada ya Vita Kuu ya Pili kilihamia Amani na kukua kuwa taasisi ya utafiti wa malaria ya Afrika Mashariki nzima. Muheza palifaa kwa kazi hiyo kwa sababu mbu walikuwapo karibu mwaka mzima, na mtoto aliyezaliwa huko aliambukizwa katika miezi yake ya mwanzo, akaugua tena na tena hadi akafikisha miaka mitano au zaidi, na akiokoka, akawa mtu mzima asiyelazwa na homa hiyo mara kwa mara. Wilson aliona katika mwenendo huo mapatano ya gharama kubwa kati ya binadamu na kimelea, naye akaogopa kwamba mapatano hayo yakivunjwa nusunusu, kwa dawa au kwa kupulizia sumu ya wadudu ambayo baadaye ingesitishwa, watu wangebaki bila kinga waliyokuwa wameipata na bila ulinzi mpya wa kudumu.

Hofu hiyo aliipeleka Kampala mwishoni mwa mwaka 1950, katika mkutano wa kwanza wa Shirika la Afya Duniani kuhusu malaria katika Afrika ya ikweta. Kambi mbili zilikabiliana. Moja, iliyotiwa moyo na mafanikio ya sumu ya wadudu ya DDT katika nchi nyingine, ilitaka nyumba zianze kupulizwa mara moja. Nyingine, ambayo Wilson alikuwa mmoja wa wasemaji wake wakuu, ilitaka tahadhari hadi ijulikane nini kitatokea kwa kinga ya watu. Mkutano uliamua kwamba malaria idhibitiwe kwa njia za kisasa popote inapowezekana, hata iwe ya kiwango gani. Kwa mtazamo wa leo uamuzi huo ulikuwa wa haki, maana kuuacha ugonjwa uendelee kuua watoto ili wanaosalia wapate kinga ni hoja ambayo haikubaliki kimaadili, na ni rahisi pia kuonwa kuwa hoja ya mtawala wa kikoloni anayehesabu uhai wa watu wengine. Hata hivyo swali la Wilson kama swali la kisayansi halikufutwa na uamuzi wa Kampala, nalo lilirudi miaka 66 baadaye likiwa na tarakimu.

Hatua iliyofuata ilikuwa kujua kinga hiyo imekaa wapi mwilini. Mwaka 1961 Sydney Cohen, Ian McGregor na mwenzao Carrington walichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika Gambia, ambamo walichukua kutoka katika damu ya watu wazima sehemu yenye kingamwili, yaani protini zinazotengenezwa na mwili ili kuvishika na kuvizuia vijidudu, wakawadunga watoto waliokuwa wanaugua malaria. Vimelea katika damu ya watoto hao vilipungua sana katika muda wa siku chache. Miaka miwili baadaye kundi hilohilo lilieleza kwamba kingamwili za watu wa Afrika Magharibi ziliwafaa pia watoto wa Afrika Mashariki wenye malaria, jambo lililoonyesha kwamba vimelea vya pande hizo mbili za bara vinafanana kiasi cha kutambuliwa na kinga moja. Matokeo hayo yaliwapa wataalamu sababu ya kuamini kwamba chanjo moja yaweza kuwafaa watu wa nchi nyingi.

Miaka kadhaa kabla ya hapo njia nyingine ilikuwa imeanza kufunguka kutoka Katanga, katika Kongo ya Wabelgiji. Mwaka 1948 Ignace Vincke na Marcel Lips walieleza kimelea cha malaria walichokipata kwa panya wa porini wa huko, wakakiita Plasmodium berghei. Kabla ya hapo watafiti walitegemea sana ndege na nyani, ambao ama hawafanani na binadamu katika ugonjwa huo ama ni ghali kuwatunza; sasa walikuwa na malaria inayoweza kufugwa katika panya wa maabara kwa maelfu. Kimelea hicho cha Katanga ndicho Ruth Nussenzweig, mwanasayansi aliyezaliwa Vienna, akakimbilia Brazil na familia yake, na hatimaye akafanya kazi katika Chuo Kikuu cha New York, alichokitumia mwaka 1967 kuthibitisha kwamba panya aliyedungwa sporozoiti zilizodhoofishwa kwa mionzi hupata kinga dhidi ya sporozoiti hai. Mionzi haikuziua sporozoiti hizo. Ziliweza kuingia katika ini lakini zikashindwa kukamilisha ukuaji wao, na mwili ukapata muda wa kuzitazama na kujifunza bila kuugua.

Aliyeongoza kazi ya kuhamisha ugunduzi huo kutoka kwa panya kwenda kwa binadamu alikuwa mtu aliyeifahamu Tanganyika vizuri. David Clyde alikuwa amehudumu katika kazi za malaria huko, akachunguza usugu wa vimelea dhidi ya dawa ya pirimethamini katika eneo la Muheza mapema miaka ya 1950, na mwaka 1967 akachapisha kitabu kuhusu malaria nchini Tanzania. Baadaye, akiwa katika Chuo Kikuu cha Maryland, aliwaacha mbu wenye vimelea vilivyopigwa mionzi wawaume watu waliojitolea, wengi wao wakiwa wafungwa, na mwaka 1973 yeye na wenzake waliweza kutangaza kwamba binadamu pia aweza kukingwa kwa njia hiyo. Matumizi ya wafungwa katika utafiti wa namna hiyo yasingeruhusiwa leo, kwa kuwa ridhaa ya mtu aliye kifungoni haiwezi kusemwa kuwa huru kabisa. Tena njia yenyewe haikufaa kwa matumizi ya kawaida, maana ilibainika kwamba kinga ya kutegemewa ilihitaji mtu aumwe na mbu hao mara zaidi ya 1,000.

Kwa hiyo ilibidi itafutwe sehemu ya sporozoiti inayotosha kuamsha kinga bila sporozoiti yenyewe. Sehemu hiyo ilikuwa protini inayolifunika umbo lote la sporozoiti, ambayo jeni yake ya Plasmodium falciparum ilisomwa mwaka 1984 na ikakutwa ina kipande kifupi kinachojirudia mara nyingi mfululizo. Katika maabara ya Rixensart, Ubelgiji, ya kampuni iliyokuja kuitwa GSK, wataalamu kwa kushirikiana na taasisi ya utafiti ya jeshi la Marekani ya Walter Reed waliunganisha kipande hicho na protini ya virusi vya homa ya ini aina ya B, ambayo tayari ilikuwa inatengenezwa kwa kutumia hamira katika chanjo ya ugonjwa huo. Kiunganishi hicho, kilichopatikana mwaka 1987, ndicho RTS,S: R ni kipande kinachojirudia, T ni sehemu inayotambuliwa na seli T za kinga, S ya kwanza ni protini ya homa ya ini B iliyounganishwa nazo, na S ya pili ni protini hiyohiyo iliyoongezwa peke yake ili chembechembe zijikusanye katika umbo la duara linalofanana na virusi.

Protini pekee haikutosha. Ilihitaji kichocheo, yaani mchanganyiko unaozindua chembe za kinga mahali sindano inapochomwa ili zichukulie kwa uzito kitu kigeni kilichoingia, na kichocheo kilichochaguliwa kilikuwa na dutu inayotolewa katika maganda ya mti wa Quillaja saponaria wa Chile, maganda ambayo hutoa povu kama sabuni. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 1997, watu sita kati ya saba waliopewa RTS,S yenye kichocheo cha namna hiyo nchini Marekani hawakuambukizwa walipoumwa na mbu wenye vimelea. Idadi ilikuwa ndogo mno kuweza kusherehekewa, lakini hakuna protini iliyotengenezwa maabara iliyokuwa imefikia kiwango hicho kabla ya hapo.

Lakini katika miaka iliyotangulia macho ya wengi yalikuwa yanatazama chanjo nyingine, na mtihani wake mkubwa ulifanyika Tanzania. Manuel Elkin Patarroyo wa Colombia alikuwa ametengeneza SPf66, chanjo iliyoundwa kwa kemia tupu kutokana na vipande vya protini za vimelea, naye alidai kwamba ilikuwa inafanya kazi vizuri Amerika ya Kusini. Idete, kijiji kilicho katika bonde la Kilombero karibu na Ifakara, ambako Mswisi Rudolf Geigy alikuwa ameanzisha maabara mwaka 1957, palichaguliwa kwa sababu malaria yake ilikuwa kali kuliko ile iliyokuwa imeijaribu chanjo hiyo hapo awali. Watoto 586 wenye umri wa mwaka mmoja hadi mitano walishirikishwa, baadhi wakapewa chanjo na wengine dawa bandia, bila wao wala wauguzi kujua nani amepewa nini. Matokeo yaliyotolewa mwaka 1994 yalionyesha ufanisi wa 31%, maana yake visa vya homa ya malaria kwa waliochanjwa vilikuwa pungufu kwa takriban theluthi moja kulinganisha na wenzao, ingawa mpaka wa chini wa makadirio hayo uligusa sifuri. Majaribio yaliyofuata Gambia na Thailand hayakuona kinga yoyote, na watoto wachanga wa bonde hilohilo la Kilombero walipochanjwa baadaye hawakufaidika pia. SPf66 ilikwisha hapo.

Wengi huihesabu Idete miongoni mwa hasara za historia hii, na hukumu hiyo si ya haki. Kijiji hicho kilithibitisha kwamba jaribio la chanjo linaloheshimu kanuni kali za kisayansi, lenye usajili wa kila kaya, ridhaa ya wazazi, zahanati inayopima kila homa na wataalamu wa takwimu wasiopendelea upande wowote, linaweza kuendeshwa katika kijiji cha Afrika ambako mto hufurika na barabara hukatika, na njia iliyozoeleka huko ndiyo iliyotumiwa katika majaribio yote makubwa yaliyofuata. Pedro Alonso, aliyeongoza kazi ya Idete, alikwenda nayo Manhiça, Msumbiji, ambako mwaka 2004 RTS,S ilionyesha kwa watoto 2,022 wa umri wa mwaka mmoja hadi minne ufanisi wa 30% dhidi ya homa ya malaria na 58% dhidi ya malaria kali. Mwaka 2008 zikafuata habari za Kilifi na Korogwe, ambako watoto 894 wa miezi 5 hadi 17 walichanjwa, wengine RTS,S yenye kichocheo kipya na wengine chanjo ya kichaa cha mbwa ili nao wasitoke mikono mitupu, na ufanisi ukawa 53% katika muda wa miezi minane hivi.

Mei 2009 jaribio la mwisho na kubwa kuliko yote lilianza, sindano za kwanza zikichomwa Bagamoyo. Watoto zaidi ya 15,000 wa nchi saba walishiriki katika vituo 11, vitano kati yake vikiwa Bagamoyo, Korogwe, Kilifi, Kombewa na Siaya. Matokeo kamili ya mwaka 2015 yalikuwa ya wastani: watoto waliopata dozi nne wakianzia miezi 5 hadi 17 walikuwa na ufanisi wa 36% kwa miaka minne, na waliochanjwa wakiwa wachanga 26% kwa miaka mitatu hivi. Tena kulionekana visa vingi zaidi vya homa ya uti wa mgongo kwa waliochanjwa kuliko kwa wenzao, jambo lililozusha wasiwasi na kuwafanya wataalamu wadai uchunguzi zaidi kabla ya chanjo kutolewa kwa wote.

Mwaka uliofuata taarifa nzito zaidi ilitoka Kilifi. Ally Olotu na wenzake walikuwa wamewafuatilia kwa miaka saba watoto 447 wa jaribio lile la awali, baadhi wakiwa wamepewa dozi tatu tu za RTS,S na wengine chanjo ya kichaa cha mbwa, na walichokikuta ni kwamba ufanisi wa muda wote huo ulikuwa 4.4%, kwa kuwa ulinzi wa mwanzo ulififia, na katika mwaka wa tano watoto waliochanjwa ambao waliishi penye mbu wengi waliugua zaidi kuliko wenzao ambao hawakuchanjwa. Maelezo yaliyotolewa yangemfurahisha na kumhuzunisha Wilson kwa pamoja: mtoto aliyekingwa katika miaka yake ya mwanzo alikutana na vimelea vichache, hivyo kinga yake ya asili dhidi ya hatua ya damu ilichelewa kujengeka, na kingamwili za chanjo zilipokwisha alibaki nyuma ya wenzake waliokuwa wamejifunza kwa kuugua. Swali la Kampala lilikuwa limepata jibu la sehemu. Jibu hilo lakini halikuhalalisha kuwanyima watoto chanjo, kwa sababu miaka ya kwanza ndiyo yenye vifo vingi, na homa ya mtoto wa miaka sita kwa kawaida haiui kama ya mtoto wa miezi kumi; ufuatiliaji wa miaka saba uliofanyika baadaye Korogwe, Kombewa na Nanoro ya Burkina Faso haukuona malaria kali ikirejea kwa waliochanjwa. Somo la Kilifi lilikuwa kwamba dozi ya nne ni ya lazima, na kwamba neti na dawa haziwezi kuwekwa kando.

Utoaji wa majaribio katika huduma za kawaida ulianza Malawi na Ghana mwezi Aprili 2019, na Kenya tarehe 13 Septemba mwaka huohuo huko Homa Bay. Wasiwasi wa homa ya uti wa mgongo haukuthibitika, na vifo vya watoto vya sababu zote, ukiondoa ajali, vilishuka kwa 13% katika maeneo yaliyofikiwa. Chanjo ya pili, R21, iliyobuniwa Chuo Kikuu cha Oxford na kutengenezwa na Serum Institute ya India, ilitumia protini ileile ya sporozoiti lakini ikaipunguza sehemu ya homa ya ini B ili macho ya kinga yaelekee zaidi kwenye malaria. Ilijaribiwa kwa watoto 4,800 wa Burkina Faso, Mali, Kilifi na Bagamoyo, ikapata ufanisi wa 75% penye malaria ya msimu na 68% penye malaria ya mwaka mzima katika miezi 12 ya kwanza, na ikapendekezwa na Shirika la Afya Duniani tarehe 2 Oktoba 2023. Tofauti ya bei kati ya chanjo hizo mbili ilikuwa kubwa wakati huo, na huenda ndiyo itakayoamua zaidi kuliko tofauti ya ufanisi.

Utafiti wa kinga wenyewe umerudi pwani. Bagamoyo, chanjo ya sporozoiti nzima zilizopigwa mionzi, ambayo ni mrithi wa moja kwa moja wa kazi ya Nussenzweig na Clyde, iliamsha kingamwili chache zaidi kwa Watanzania watu wazima kuliko kwa Wamarekani waliopewa kipimo hichohicho, dalili kwamba mwili ambao umekwisha kuzoeana na vimelea huipokea chanjo kwa namna tofauti. Huko huko Bagamoyo imejaribiwa pia chanjo ya protini ya RH5, ambayo kimelea huitumia kama ufunguo wa kuingilia chembe nyekundu, na chanjo hiyo ikifaulu itakinga dhidi ya hatua ya damu ambayo RTS,S na R21 haziigusi kabisa.

Julai 2023, mgao wa kwanza wa dozi milioni 18 za RTS,S ulipotangazwa kwa nchi 12, Burundi, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zilipata nafasi pamoja na Kenya, Ghana na Malawi. Tanzania, yenye Idete, Korogwe na Bagamoyo, haikuwamo katika orodha hiyo, na nchini Kenya kaunti nane zilizochaguliwa kwa utoaji wa majaribio zilikuwa zote za magharibi, ambako malaria ni kali zaidi, bila Kilifi.